Pembezoni mwa Jalada Namba 31

Nyundo ilikuwa ya mninga. Ipo kabatini
chini ya fomu za mirathi, imekula vumbi la karatasi.
Siku hizi nyumba za Newala zinauzwa kimya:
saa ya kwenye kioo inahesabu kurudi nyuma,
ikifika sifuri, mtu hana kwao.

Usidhani naililia nyundo.
Niliiona ikigonga mara tatu mbele ya watu wanne,
wote binamu wa dalali,
tangazo bado bichi kwa gundi ukutani.
Nilikuwa karani kijana. Niliandika:
“Mnada ulihudhuriwa vizuri.”

Basi mfumo ulipokuja nilifurahi, kweli nilifurahi.
Hata korosho zetu zinauzwa kwa kioo,
mkulima yuko Kitangali, bei anaiona inavyopanda.
Nikasema, na haki nayo ipandie humo humo.

Jalada hili ni la Somoe Nangololo, wa Luchingu.
Deni milioni nne na laki mbili:
salfa ya misimu miwili,
na riba iliyozaa kuliko mikorosho.
Maelezo ya mali, kama alivyoyajaza dalali:
matofali ya kuchoma, bati ishirini na nane,
kisima cha maji ya mvua, mikorosho sita.
Picha ni moja, imepigwa kutoka barabarani.
Sare ya shule imeanikwa dirishani,
mkono mmoja unaning'inia nje.

Nyuma ya nyumba pana kaburi la mumewe.
Mfumo hauna kisanduku cha kaburi.
Una cha choo, cha umeme, cha umbali kutoka lami.

Mnada ulifunguliwa saa sita usiku,
ukafungwa saa kumi na moja alfajiri,
ukungu umeulalia mji,
saa ambayo simu za huku ukingoni
hupoteza minara yetu zikadaka ya ng'ambo ya Ruvuma.
Somoe alikesha na simu ya mwanawe
aone kwao kunakwendaje.
Ujumbe ukaingia: “Karibu Msumbiji.”

Wazabuni watatu, kama kanuni inavyotaka.
Orodha nimeichapa. Nimeisoma kwa rula,
mstari kwa mstari, kama anayechambua mchele wa mgeni.
Wa kwanza kataja milioni tano.
Wa pili kaongeza elfu kumi. Wa tatu elfu kumi.
Wakaenda hivyo, kwa adabu,
kama watu wanaokaribishana mlangoni,
tangulia wewe, aa, tangulia wewe,
hadi milioni tano na elfu tisini.
Majina matatu. Namba ya simu moja.

Mthamini alikuwa ameandika kumi na nane.

Hakimu atathibitisha mauzo Alhamisi, au hatathibitisha.
Mimi si hakimu. Mimi ni mwenye pini.
Orodha nimeibana juu kabisa ya jalada,
si katikati, inakopotea,
na pembeni, kwa penseli, nimeandika
kanuni ambazo hakuna aliyenituma kuziandika:
mnada ufungwe mchana, watu wakiwa macho;
dalali asinunue, wala mkewe, wala shemeji yake,
wala simu yake;
mtandao ukikatika, na saa isimame,
kwani saa inayotembea peke yake inamtembelea nani?
Picha zipigwe pande zote nne.

Kisha nikaandika: “Kiongezwe kisanduku,”
nikakwama hapo. Kiitweje?
Nikafuta. Nikaandika tena. Karatasi ikatoboka.

Jana Somoe alikuja dirishani kwangu,
kanga yake ina vumbi jekundu hadi magotini.
Hakuuliza bei. Hakuuliza rufaa.
Aliuliza kama huyo aliyenunua
ni mtu wa kufagia.