Kamba ya Nguo, Dubrovnik

Ukutani wapitao, wanichungulia ndani,
Wanyoosha simu zao, kulenga nguo kambani,
Mnara u mbele yao, na ngome ya baharini,
Wao wataka foronya, na shati la marehemu.

Miye Pavica naishi, juu ya sitini ngazi,
Nyayo chini haziishi, mawe yang'aa kwa kazi,
Kengele hainitishi, sisikii siku hizi;
Nikitoka na foronya, huwaka nyusoni hamu.

Jana kijana mmoja, mkononi na tiketi,
Kwa ishara: "Bibi, ngoja, kidogo sogeza shati,
Na kuba liwe pamoja, nipate picha ya dhati."
Kibanio mdomoni, nikaduwaa sanamu.

Hakujua ni la Luko, fundi wa kuchonga mawe,
Pale kijana aliko, alipajenga mwenyewe.
Nafua, jasho haliko, nataka hewa lipewe;
Wenzangu makaburini, mimi husuuza humu.

Basi nikalisogeza, likasimama na kuba,
Upepo ukalijaza, kifua tele, si haba,
Kijana kanipongeza, picha tano, akashiba.
Nikaona, naapia, mikono ikisalimu.