Matundu Manne

Waliniita saa mbili na robo, nipande ghorofa ya nne
na bisibisi.
Kibao cha shaba: Ofisi ya Usawa na Ujumuishi,
chini yake nuktanundu kwa wasomao kwa vidole.
Skrubu nne. Tatu zilikubali.
Ya nne ilishaliwa na kutu, ikang'ang'ania ukuta
kama mgeni aliyeaga asubuhi na bado hajapewa nauli.

Ndani, Pa Houa Vang alikuwa akifunga nyaya sandukuni.
Nikamuuliza, wanakupeleka wapi?
"Ghorofa ya pili. Mratibu wa Mazingira ya Kazi."
Kazi gani hiyo?
"Ile ile, Arvid. Imevalishwa koti jingine."
Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeteleza kwenye barafu
asijue bado kama ameteguka.

Funika kombe, nikasema moyoni, mwanaharamu apite.
Na asipopita?
Akivuta kiti, akaomba kahawa?

Sitajifanya nilikipenda kibao.
Kila Machi tulikusanywa kantini, tukaonyeshwa picha
ya mikono ya rangi zote imeshikana,
kumbe kule tanurini Delphine Roubideaux
anavaa buti za wanaume, amejaza soksi mbele,
mwaka wa tatu anaomba saizi yake.
Tulipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa,
na chupa yenyewe ilikuwa na nembo ya kampuni.

Ila lipo hili, na sijamwambia mtu.
Mimi herufi hunirukia kama panzi, tangu utotoni.
Siku ya mtihani wa ufundi, mwaka ule wa mafuriko,
aliingia mama mmoja wa miwani, akaketi kando yangu,
akanisomea maswali arobaini, moja moja, bila haraka.
Nilipata thelathini na nane.
Nilidhani ni hisani yake tu.
Leo, katika makabrasha ya kutupwa, nimeiona fomu ile:
jina langu, saini yake, na namba ya bajeti
ya mlango huu huu ninaoung'olea jina.

Wakubwa sasa wanajadili mustakabali.
Wana meza ndefu, wana wakili kutoka Chicago
anayewafundisha maneno ya kuepuka.
Mimi mustakabali naujua kwa kilo:
gunia la chumvi, kilo ishirini na mbili,
la kumwaga kwenye mteremko wa zege, mlango wa kaskazini,
kabla ya saa moja na nusu,
Ingmar Sather anapofika na kiti chake cha magurudumu,
upepo wa Ziwa Superior unamchapa shavu,
magurudumu yanatafuta pa kushika.
Chumvi ile ilinunuliwa kwa namba ya ofisi hii.
Jana nimeagiza, kompyuta imekataa.
Namba haipo, ikasema,
kama mtu anayemkana nduguye mbele ya polisi.

Nikamweleza Pa Houa. Akaziacha nyaya.
"Andika matengenezo ya jumla."
Na wakigundua?
"Watagundua nini, Arvid? Kwamba mtu hakuanguka?"

Matundu manne nimeyaziba kwa lipu, nikapaka rangi.
Haikufanana; ile ya zamani haitengenezwi tena.
Ukipita haraka huoni kitu.
Delphine alipanda na glavu zake kwapani, akasimama,
akapapasa ukuta kwa kidole gumba.
Na fomu yangu ya buti, niipeleke wapi?
Ghorofa ya pili, nikasema.
Hakuna kibao. Utabisha tu kila mlango.

Kesho, hapa Duluth, wametabiri nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Nimebakiwa na gunia moja na nusu.