Mkate Usio na Masikio

Kutaisi, jengo letu lilikuwa la ghorofa tisa,
sisi ya saba,
na lifti ilikula sarafu.
Usipoilisha haipandi.
Ukiilisha, hupanda ikipenda.
Basi Mama akafunga kamba kwenye kikapu,
na tangu siku hiyo maisha yetu yakawa yanapitia dirishani.

"Gocha! Mikate miwili!"
Kikapu kinashuka na noti moja
iliyobanwa kwa kibanio cha nguo.
Kikifika ya sita, Zaira anatoa mkono wenye povu la sabuni,
anatumbukiza sarafu na kijikaratasi: *viberiti*.
Ya nne, mwalimu Valeriani, mstaafu wa hesabu,
anaweka fedha kamili, isiyozidi wala kupungua,
na bahasha ya posta, gundi haijakauka.
Ya pili hayupo mtu ila paka.
Anachungulia, anatia unyayo,
anaondoka bila kuagiza chochote.
Kinapogusa chini nilipo
nimeshakuwa mtumishi wa jengo zima.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilijiona waziri.

Kwa Otari mwokaji palikuwa na foleni ya kina mama
na joto linalokufinya mashavu kama shangazi.
Tanuri lake ni mtungi mkubwa uliozikwa hadi shingoni;
huinamia ndani nusu ya mwili, miguu hewani,
nasi watoto tunahesabu: moja, mbili, tatu,
atatoka?
Huyo, katoka, nyusi nyeupe kwa unga,
anauliza, "Nani alikuwa ananisengenya?"

Mkate wenyewe mrefu, umechongoka huku na huku.
Zile ncha sisi tuliziita masikio.
Unaubeba kifuani, unakuunguza,
harufu inapanda moja kwa moja,
na pua, jamani, haina breki.
Sikio la kwanza nililila penye fundi viatu.
La pili lilikatika lenyewe, naapa,
pale ngazi za mtoni.

Kikapu kikapanda. Juu kimya kidogo.
Kisha sauti ya Baba ikateremka bila kamba:
"Huyu Otari! Siku hizi anaoka mikate viziwi!"
Zaira akacheka mpaka akaangusha sufuria.

Dada yangu Lamara, zamu ikiwa yake, alinizidi ujanja.
Aliyakata kwa kisu cha kukunja, nadhifu kabisa,
akasema ndio mtindo mpya wa Tbilisi.
Baba aliamini wiki nzima, au alijifanya.
Sijui hadi leo.
Alikuwa na masharubu, na masharubu huficha mengi.

Na ile siku ya bahasha!
Gundi mbichi, mkate wa moto, mimi mbio:
tukaikuta mezani wakati wa chai,
anwani ya mpwa wa Valeriani kule Batumi
imejichapa kinyumenyume kwenye ganda.
Mama akakikata kipande kile,
akakishusha kwa kamba hadi ya nne:
"Mwalimu, barua yako imerudi. Imeiva."
Valeriani aliila kwa siagi,
akaandika nyingine.

Siku hizi lifti ni mpya. Inapanda bure,
inataja ghorofa kwa sauti ya mwanamke mpole.
Kikapu kinatunza vitunguu.
Baba yuko pichani ukutani, na masharubu yake.
Mtoto wa Otari ndiye anayening'inia tanurini sasa,
nami, mtu mzima mwenye upara,
bado nilimhesabia: moja, mbili, tatu.

Asubuhi hii nilinunua mmoja.
Nilipita penye fundi viatu, ambapo sasa wanauza simu.
Nilipita ngazi za mtoni, nimekaza meno.
Nikamwekea Mama mezani,
mzima, masikio yote mawili.

Akautazama. Akanitazama.
Akavua miwani,
akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu:
"Gocha, mwanangu, unaumwa?"

Nikavunja sikio moja upesi,
nisije nikapelekwa kwa daktari.
Yeye akavunja la pili.