Chupa Iliyopumua

Walinishuku mimi kwanza.
Haki yao. Nilikuwa na miezi minne tu kazini,
Tjalling, mwana wa muuza jibini, mikono mizito,
na sukari ile ile ya viazisukari
niliyoipima Jumatatu ikasema hivi
Alhamisi ilisema vile.

Tofauti yenyewe? Mbili ya kumi katika elfu.
Punje ya chumvi guniani.
Lakini kwa punje hiyo watu huhukumu
kama asali ni ya nyuki au ya kiwanda,
kama mwenye mfupa huu alikula samaki au nafaka.

Froukje hakunigombeza. Alivua miwani,
akaifuta kwa pindo la koti jeupe.
"Rudia."
Nikarudia. Nje, Groningen ilinyesha mvua yake ya ubavuni,
upepo umezilaza baiskeli kando ya mfereji,
na mashine ikahema usiku kucha ikitenganisha
kaboni nyepesi na pacha wake mzito,
yule aliyeongezewa neutroni moja
kama mtoto mwenye jiwe mfukoni.

Tukabadili mrija. Tukabadili gesi. Tukabadili mpimaji:
akaja Wiebrig, mwenye mkono usiotetemeka,
akapata uongo ule ule.
Tukalaumu umeme, tukalaumu joto la chumba,
tukawalaumu wenzetu wa ng'ambo ya mpaka
walioandika barua ya upole wenye miiba.

Kitu kimoja hatukukilaumu.
Kilikaa kabatini: chupa ya kahawia,
ndani unga wa litio, mweupe kama wanga,
kipimo cha vipimo vyote.
Nani amshitaki kadhi mbele ya kadhi huyo huyo?

Baba alikuwa na jiwe la mizani la shaba, kilo moja.
Kila mwaka mkaguzi alipita sokoni kulipima,
na mwaka mmoja akalikataa. Limelika.
"Limeliwa na nani?" baba akafoka.
"Na wewe. Na kiganja chako,
miaka thelathini ya kulishika."

Sijui kwa nini nilikumbuka hilo saa tisa ya usiku.
Nikampigia Froukje, nikamwamsha:
ipo chupa ambayo haijafunguliwa kamwe?

Ipo. Moja. Ghalani chini, nta ingali shingoni.
Tukazipima pamoja, zote za siku moja,
moja iliyofungiwa, moja iliyozoea watu.

Hazikulingana.

Ni sisi. Kila tulipoinua kifuniko
unga ulivuta hewa ya chumba,
kahawa ya Froukje, chafya za Wiebrig,
pumzi za wanafunzi ambao sasa ni maprofesa,
ukabadilika chembe kwa chembe
huku tukiendelea kuapa kwa jina lake.

Miaka kumi na tisa ya majedwali yenye sahihi yake.
Froukje aliandika barua mwenyewe, kwa maabara zote,
na humo hamkuwa na "huenda" hata moja.
"Kipimo chetu kimehama. Tumehama nacho."

Kisha kazi. Kwa ncha nyepesi tukapika chokaa yetu wenyewe;
kwa ncha nzito tukanunua kizingiti cha marumaru
cha benki iliyobomolewa Leeuwarden.
Tukakata ngozi yake iliyokanyagwa na wadaiwa,
tukasaga, tukachekecha,
tukamwaga vumbi, tukamwaga changarawe,
tukachanganya wiki tatu pipani
hadi mfinyo usiweze kubishana na mfinyo.
Halafu vioo vidogo, kimoja kimoja, kuzibwa kwa moto.
Kivunjwe shingo, kitumike, kitupwe.
"Chupa ya milele basi tena," alisema Froukje.

Tukatuma kwa maabara tisa. Saba zikakubaliana.
Ya nane, mashine yake ilikuwa inavuja.
Ya tisa ndiyo ilikuwa sahihi,
tukaanza upya.

Mpaka leo nikivunja shingo ya kioo
nazuia pumzi, na Wiebrig hunicheka.
Baba, nilipomweleza yote haya kwa simu,
alinyamaza kitambo,
kisha akauliza marumaru hiyo
wanaiuza kilo bei gani,
na nani anaipima.