Pembeni mwa Hojaji

Kwa kipimo cha moja hadi tano, wanauliza,
je, droni ni rahisi kutumia?
Naweka mbili. Naifuta. Naweka tatu.
Vidole hivi vimezoea mpini wa shoka
na kopo la rangi ya kualamia miti.

Swali la nne: je, wenzako wanaitumia?
Tilen anayo, yule wa bonde la pili.
Siku ya kwanza ilinasa kileleni mwa msonobari,
tukacheka hadi machozi.
Ya pili tulicheka kidogo.
Ya tatu tukamuuliza bei.

Swali la saba: nini kilikushawishi?
Wameweka visanduku: mafunzo, ruzuku, agizo la mkubwa.
Hakuna kisanduku cha goti,
hili la kushoto, lililoteguka mwaka ule wa barafu.
Hakuna kisanduku cha aibu.
Wiki nzima nilipita chini ya korongo,
nikaandika daftarini: salama.
Neža akairusha dakika kumi na mbili,
akanigeuzia kioo bila neno.
Vilele kumi na tisa, rangi ya kutu.
Mbawakawa, mdogo kuliko punje ya mchele,
alikuwa ameshakula na kunawa.

Warsha ya Ljubljana? Slaidi arobaini, supu, cheti.
Nilirudi kama nilivyokwenda.
Ila Neža, akiwa amepiga magoti kwenye theluji chafu,
aliniuliza: hapa panaitwaje?
Ramani yake ilikuwa na namba tu.
Nikamwambia: pale ni Kitanda cha Dubu,
kule ni Alipoanguka Lovro,
na lile shimo baba aliliita Mfuko wa Bibi
kwa kuwa halimalizi theluji yake hadi Mei.
Akaandika yote. Akauliza hata herufi.
Hapo ndipo nilipoishika ile mashine.

Swali la mwisho: unahofia kupoteza kazi?
Inaona wekundu, sawa, lakini haisikii harufu ya utomvu.
Bado lazima mtu ashuke na kisu,
abandue gome, aone ule unga wa kahawia,
aseme: huu ukatwe, huu tuuache kwanza.
Nisichokijua ni kama huyo atakayeshuka
atalipwa bado.

Hilo sikuliandika.
Walikuwa wameacha mstari mmoja wa maoni,
nikajaza:
betri hufa upesi kwenye baridi.