Linahamia Wapi

Siku ya kwanza niliingia na tai.
Chang'ombe, Februari, feni moja inazunguka kwa kinyongo,
nami shingo nimeikaba mwenyewe,
nikaandika ubaoni kwa herufi za kutisha:
JOTO HALIPOTEI, HUHAMA.
Nilipogeuka, watu ishirini na mmoja
walinitazama kama foleni ya benki inavyomtazama keshia.

Hamduni, mlinzi wa ghala kule Keko,
alikwisha kulala: shavu kwenye daftari,
kalamu imesimama mkononi, imebaki lindo peke yake.
Nikagonga meza. Akainuka na saluti.
Darasa likacheka, mimi nikanuna.
"Kama ni usingizi, ungelala kwenu."
"Kwetu kitanda tunapokezana, Mwalimu.
Saa hizi ni zamu ya kaka."
Akaketi, akaandika tarehe,
akaipigia mstari, kwa rula.

Wiki ya tatu walibaki kumi na wanne.
Mkuu wa chuo akasema vijana wa leo hawana wito.
Nikaitikia. Chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi,
nikaisingizia kwa kile kilichonikwama kooni.

Ndipo Kidawa wa Tandika, muuza barafu za ubuyu,
mwanawe mgongoni kwa sababu jirani kasafiri,
akanyoosha kidole:
"Hilo joto linalohama, Mwalimu, linahamia wapi?
Maana friji langu linaungua mgongo
na barafu zangu zabaki uji."
Nikamsomea kitabu. Ukurasa mzima, na mchoro.
Alisubiri niishe, kama mtu anavyosubiri mvua barazani,
kisha akauliza tena, neno kwa neno.
Maneno ninayo. Friji sina.
Nikasema, "Sijui. Lilete tulione."

Sijui.
Miaka tisa ya ualimu
sikuwahi kuitamka nikiwa na chaki mkononi.

Likaja Jumamosi kwa guta, limefungwa mipira ya baiskeli,
limesimama wima:
kumbe lile la kutolilaza walilisikia.
Tukalichomeka. Hamduni akabandika sikio,
mtu anayejua kila sauti ya usiku,
akatuinulia kiganja, kimya.
"Halijafa," akasema. "Linahema juu juu."
Mkude akamulika kwa simu: kondensa imevaa koti,
vumbi, manyoya ya kuku, maganda ya karanga.
Kitambaa kilichokuwa karibu ni tai yangu, tukafutia.
Haijarudi shingoni.

"Halina ugonjwa," nikasema, "limebanwa ukutani.
Lipe nafasi, shubiri moja tu."
Kidawa akatazama chini.
"Chumba changu, Mwalimu, hiyo shubiri hakina."

Kitabu hakina ukurasa huo.
Pili akachukua chaki, akachora chumba sakafuni:
hapa kitanda, hapa jiko, ndoo ya maji, mlango.
Tukaingia humo wote kumi na watano, viatu nje,
tukasukuma kitanda cha chaki huku na huku,
tukabishana kama mafundi,
mpaka mtoto akaja kati, akakifuta kitanda kwa makalio.
Giza liliingia, hakuna aliyeuliza saa.

Sijawa mwalimu wa kupigiwa mfano.
Bado nafoka, bado wale mapacha nawachanganya majina.
Hamduni analala mpaka saa moja kasoro,
Pili humfinya tukianza vitendo.
Wale saba walioondoka niliwapigia simu: wawili walirudi,
mmoja alisema namba si yake,
kwa sauti yake mwenyewe.

Jana Kidawa kaja na ndoo ya plastiki:
"Kazi ya nyumbani."
Barafu, ngumu kama tofali,
tukang'ata, ubuyu ukatupaka hadi kooni.
Mkuu akapita, akachungulia dirishani:
"Mwalimu Ambokile, hili somo gani?"
Darasa zima, ndimi nyekundu,
hakuna aliyethubutu kufungua mdomo.