Swali la Kwanza

Ukumbi wetu hapa Ng'ambo ulikuwa ghala la tumbaku.
Mvua ikinyesha Tabora, kuta bado zinatoa harufu,
na anayehema kwenye seti ya tatu
anavuta mavuno ya mwaka ambao hakuwa amezaliwa.
Vyuma vyetu: ekseli ya trekta,
makopo ya rangi yaliyojazwa saruji,
kioo kimoja kilichopasuka usawa wa kiuno.

Nilikuwa na cheti cha wiki sita.
Misuli minne ya mbele ya paja niliijua kwa majina,
niliikariri kama mwenye duka anavyokariri madeni.
Nilijua moyo wa mtu wa miaka thelathini
unasukumwa hadi wapi.
Ukutani nilibandika mchoro wa mtu asiye na ngozi,
mwekundu kama bucha,
hana jina, hana njaa.

Mihambo alikuja Jumanne jioni,
mchukuzi wa stesheni, mgongo mpana kama mlango.
Alilipa elfu moja, noti imelowa jasho.
"Kalunde, nipe nguvu. Magunia yameanza kunishinda."

Nami, kwa furaha ya kupata mteja,
nikafungua daftari penye mstari niliopigia wino mara mbili:
mwili huzoea mzigo, basi uongeze kidogo kidogo.
Nikauongeza.
Chuchumaa, inuka.
Kifua juu, magoti yafuate vidole, toa pumzi ukipanda.
Alifanya vizuri kuliko mchoro.
Seti ya nne midomo ikawa rangi ya majivu.
Nikamgusa shingo: baridi, kama mtungi.
Ekseli ilianguka, naye akaifuata.

Nikamwinulia miguu juu ya kopo la saruji.
Nikatafuta mapigo yake kwa vidole viwili
nikahesabu ya kwangu,
nikaanza upya.

Alipofumbua macho ndipo nikauliza.
"Umekula nini leo?"
"Chai."
"Na nini?"
"Chai ya rangi. Treni ya mizigo ilichelewa.
Ilifika saa nane, mabehewa manne."
"Na jana ulilala saa ngapi?"
Akacheka kidogo. "Jana ipi?"

Nilikaa sakafuni, daftari nimelifunga.
Nikamwambia: misuli haikui wakati umebeba.
Ukibeba, nyuzi zake huchoka, nyingine huumia;
hukua baadaye, umelala,
kama tumboni kuna uzi wa kushonea.
Uzi ni maharage, ni dagaa, ni karanga, ni yai likipatikana.
Kuni ni wanga.
Hayo matobolwa unayoyaona chakula cha shamba,
yatie mfukoni, tafuna kabla behewa halijafunguliwa.
Na hiyo ramani nyeupe mgongoni mwa shati lako
ni chumvi, imekutoka. Irudishe, na maji.
Wewe, Mihambo, hujakosa mazoezi.
Una mazoezi ya watu watatu
na chakula cha nusu mtu.

Alinisikiliza kama anayesomewa bei.
"Yai mia nne," akasema.
Sikuwa na mstari wa kumjibu.
Cheti hakikufundisha bei ya yai.
Nikamrudishia elfu yake, akaikataa,
nikaisukuma chini ya kandambili yake.

Jumatatu alirudi na michembe kwenye kitambaa,
akala vipande vitano, akanipa viwili,
akajilaza kwenye mkeka wa kona
chini ya mtu asiye na ngozi.
Alikoroma.
Niliandika: Mzigo, sifuri. Seti, moja. Dakika, sitini.

Bwana Kapela, mwenye ukumbi, akaingia na funguo zake.
"Huyu amelipia kulala?"
"Punguza sauti," nikamwambia.
"Yuko katikati ya zoezi."